Niliandika Kawaida

…na muziki ule ule unaanza upya kwenye simu, kinanda halafu filimbi, halafu yule mwanamke wa kwenye kanda ananiambia simu yangu ni muhimu kwao, niendelee kusubiri, nasubiri, nifanye nini tena, mlango wa chumba cha upasuaji uko hatua nne kutoka hapa nilipo na umegoma, upande wa ndani daktari ameshanawa, mikono kaiinua juu asiguse kitu, upande wa nje wifi yangu amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mtoto amekingama tumboni na mapigo ya moyo wake yanashuka, daktari amenionyesha vidole kumi kwenye kioo, dakika kumi, na hiyo ilikuwa kabla binti wa kampuni ya jengo hajasema ngoja nimuulize mkubwa wangu. Kaka yangu yuko kwenye benchi, mfuko wa nguo za mtoto mapajani, aliniuliza huu mlango umeharibika lini nikamwambia sasa hivi, mdomo ulisema wenyewe, sasa hivi, wakati saa mbili asubuhi nilisimama hapa hapa nikausikia unakwaruza, ukafunguka nusu, ukafikiria, ukamalizia, nikaenda kwenye kompyuta nikaripoti, na pale panapouliza dharura au kawaida nikaandika kawaida, kwa sababu sote tunaandika kawaida, hata bomba likipasuka tunaandika kawaida, maana ukiandika dharura na fundi wa kampuni akaja akakuta kitu bado kinasogea unaitwa ofisini kujieleza, mimi nimeitwa mara mbili, mara ya pili mganga mkuu aliniuliza kama kiherehere nimezaliwa nacho. Dharura wanakuja ndani ya nusu saa. Kawaida ndani ya saa sita. Na binti wa simu, kwa adabu zote, mlango huo una kazi iliyofunguliwa tayari, mama, hatuwezi kuufungulia nyingine mpaka hiyo ifungwe, basi ibadilishe, siwezi kubadilisha, ngoja nimuulize… filimbi. Na nilipiga vigelegele mimi, siku ya kukabidhiwa, mstari wa mbele kabisa, jengo la zamani lilikuwa linavuja, tulikuwa tunazalisha huku ndoo zimekinga maji, hawa wa kampuni wakaja wakajenga hili jipya, wataliendesha miaka ishirini na mitano, wagonjwa wetu, kuta zao, mgeni rasmi akasogea na mlango ukamfungukia wenyewe, akacheka kama mtoto, nani asingepiga vigelegele? Fundi wetu wa siku zote tu, huyu tunayemwita Bisibisi, ndiye aliyeninong'oneza, huu ukinuna mtaubembelezaje, sista. Yuko hapa pembeni yangu na koleo mkononi. Tangu ubia na kampuni uanze haruhusiwi kugusa kitu cha jengo, kabakiziwa maua, tena yale ya nje ya uzio. Juu ya mlango kuna kisanduku, ndani yake mkono wa chuma, ukiuzungusha mlango unafunguka, nusu dakika, aliuona wakati wanaufunga, ila kisanduku kina lakiri nyekundu ya kampuni na atakayeikata ubovu wote ni wake, tulitia sahihi kila mmoja, muuguzi wa wodi ya watoto alikata moja kwenye kabati la oksijeni, mtoto akapona, yeye akafukuzwa, sasa anaishi sebuleni kwa dada yake. “Mikono ninayo, sista,” Bisibisi ananiambia taratibu, “amri ndiyo sina.” Amri. Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu. Wifi amenyamaza, alikuwa analia, akanitukana hata, na nilifurahi kutukanwa, sasa amenyamaza, huyu aliyemwogesha mama yetu miezi minne mpaka tukamzika, mimi nikiwa zamu, siku zote niko zamu, na hakuwahi kuniuliza kama hiyo ni dharura au kawaida. Kioo kinagongwa. Vidole vinne. “Dada,” kaka anasema, “si wewe ndiye mkubwa hapa?” Mimi ndiye, ndiyo maana nimeishika hii simu kwa mikono miwili, akinitazama aone dada yake anahangaika, na Mungu anisamehe, siiogopi kampuni, wala siuogopi huo mwaka na nusu, namwogopa yeye, mlango ukifunguka kwa nusu dakika atauliza kwa nini haukufunguliwa mapema, tena atauliza kwa upole, hajui kuuliza vingine, kumbe dakika zote hizi nimejificha nyuma ya filimbi… simu yako ni muhimu kwetu. “Kata,” namwambia Bisibisi, “na uandike jina langu, lako usiliandike,” anavuta kiti, anapanda, magoti yake yanalia, na simu bado iko sikioni mwangu, mkono umekataa kuishusha. “Tangu saa mbili asubuhi,” namwambia kaka yangu. Anainua uso kutoka kwenye mfuko. “Nini, dada?” Tangu saa mbili asubuhi, nasema tena, mlango huu, niliuona, nikaandika kawaida, na kwenye kioo daktari amebakiza vidole viwili.