Jeneza la Mgombea Binafsi

Kabla hujavuta kigoda ukakaa, nijibu hiki: ni nani akikutukana unacheka, akikuzibia njia unampa kuku, na siku akikuamkia kwa heshima unajipapasa uone kama bado uko hai?

Usijibu haraka. Jibu liko njiani, linakuja likisukuma baiskeli.

Siku ya kurudisha fomu, Prisca Nkandu hakuweza kukaa. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti tele, na wadhamini wake wanane walikuwa wamejipanga ukutani kama wagonjwa wanaongoja kuitwa, lakini yeye alikuwa akizunguka tu. Anakwenda dirishani, anarudi mezani, anaigusa bahasha ya picha zake, anakwenda tena dirishani. Mumewe, Kapembwa, aliyekuwa mmoja wa wale wanane, akamwambia kwa mara ya tatu, "Mama Mwila, hiyo sakafu utaitoboa."

"Acha itoboke. Ni ya serikali."

"Ukishinda utaambiwa uizibe."

Nkandu hakucheka. Sheria ilitaka watu tisa, wapiga kura wa jimbo lile lile, waje wenyewe na kadi zao, waseme mbele ya msimamizi kwamba wanamdhamini. Yeye alikuwa na wanane, na saa nane mchana kitabu kingefungwa. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi. Kutoka nje hakuruhusiwa. Zamu yake ilikuwa imeshaitwa, na anayetoka amejitoa.

Wa tisa alikuwa mwalimu Musonda, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Mji mzima wa Mulembo ulijua kwa nini. Jana yake wageni fulani walikaa sebuleni kwa mwalimu, wakanywa chai yake kwa upole, wakamwuliza kama angependa kufundisha kule mabwawani, ambako mtumbwi wa posta hufika mara moja kwa mwezi.

Haya yote yalianzia chamani. Miaka kumi na minne Nkandu alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na kila ugali ulioliwa mkutanoni unga wake ulitoka kwenye mashine yake ya kusaga. Kura za maoni alishinda. Jina lake likapelekwa Lusaka, na liliporudi lilikuwa limegeuka jina la mwanamume, mfanyabiashara mmoja ambaye Mulembo huja kuzika tu na kuondoka. Nkandu akakichana kitenge cha chama vipande viwili, akavifanya vya kushikia sufuria, akatangaza kwamba atasimama peke yake, mgombea binafsi. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakimsalimia kwa kunong'ona.

Sasa vijana wa chama walikuwa wamejaa getini na ngoma zao na fulana mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliyewaongoza ni Chomba, mtu mwenye mke na watoto wawili, aliyebeba magunia kwenye mashine ya Nkandu kwa miaka sita.

"Chomba," Nkandu aliita dirishani, "wapishe watu wapite."

"Tumemzuia nani, mama? Tunacheza tu."

"Mnacheza getini."

"Getini ndiko kuna kivuli."

Kivuli hakikuwepo hata cha kufunika kuku.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mama. Mashine inakungoja."

"Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyokulisha."

"Ilinilisha pumba."

Wenzake wakacheka. Chomba naye akacheka kidogo, kisha akaanza kutazama viatu vyake. Barazani askari wawili walikuwa wameinamia simu moja, wakitazama mpira.

Nkandu akarudi mezani, akageuka tena. Kilichomchoma hakikuwa Chomba. Ilikuwa Jumapili iliyopita, kwa Mzee Jere.

Mzee Jere ni Mngoni. Alikuja kutoka Chipata miaka arobaini nyuma kuchonga mabenchi ya kanisa la misheni, mabenchi yakaisha, yeye akabaki, akawa fundi wa majeneza. Na kwa kuwa mababu wa Wangoni na wa Wabemba, watu wa Nkandu, walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wamebaki na matusi tu, ya kuchekeana: Mngoni ni mla panya, Mbemba ni mla nyani. Babake Nkandu alipokufa, Jere ndiye aliyechonga jeneza, akalipiga vanishi mara mbili, halafu akaenda kulala chali kando ya kaburi akasema nyani huyu hazikwi mpaka yeye apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Jogoo akaletwa.

Jumapili hiyo Nkandu angeingia kama siku zote, aseme, "We mla panya, bado hujafa?", mambo yangekwenda yenyewe. Lakini alikuwa na shida, na shida ilimtia adabu. Alipiga goti kwenye takataka za mbao, akapiga makofi taratibu kama mbele ya chifu, akasema, "Baba Jere, nakuomba uje unidhamini. Utakuja?"

Mzee akasimamisha randa. Akamtazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu chake.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nauliza kwa dhati."

"Mbemba akinipigia goti, lazima kuna maiti mahali."

"Si utani, baba. Utakuja au huji?"

Mzee akarudi kwenye ubao wake. "Nitakuja siku ya kukuzika, mla nyani. Toka, unanikanyagia misumari."

Alitoka, akaenda kumwomba mwalimu Musonda badala yake. Na mpaka leo hakujua kama alikuwa amenyimwa au ametaniwa.

"Mama," msimamizi aliita. Alikuwa Bwana Sitali, wa kabila la Lozi kutoka Mongu, mtu wa miwani na kalamu mbili. "Nafunga saa nane. Si saa nane na kitu."

"Najua, bwana."

Robo saa tu ilikuwa imebaki. Nkandu akaanza kulipima dirisha kwa macho, kama lingempitisha.

Ndipo ngoma zikanyamaza getini.

Kilichosikika ni kilio, kile kirefu cha msibani. Nkandu akakimbilia dirishani. Mzee Jere alikuwa akisukuma baiskeli, na juu yake jeneza jipya limefungwa kwa kamba za mpira, linameta. Mulembo hata basi la Kasama husimama jeneza likipita. Chomba alivua kofia. Vijana wakajigawa pande mbili. Askari wakaficha simu, wakasimama wima.

"Nani, mzee?" Chomba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mbemba mmoja," Jere akalia. "Mama mzuri. Juzi tu alinipigia goti."

"Pole sana. Yuko wapi?"

"Humo ndani. Ananingoja."

Chomba akainamisha kichwa, kisha akashika baiskeli nyuma akamsaidia kuivusha kizingiti cha geti.

Mzee aliliegemeza jeneza barazani, akaingia ukumbini akifuta machozi kwa mkono wa shati. Yalikauka upesi mno.

"Mla nyani," akasema, "nimekuletea sanduku lako. Vipimo nimekisia. Hapo kwenye makalio mbao zilinipungukia."

Kapembwa aliziba mdomo kwa kofia.

"Mzee, hapa si msibani," alisema Bwana Sitali.

"Ndiyo maana nimeliacha nje." Akatoa kadi iliyochakaa ndani ya kofia yake, akaiweka mezani.

Msimamizi akaisoma, akaigeuza. "Jere, Mbelwa. Kituo cha Misheni, Mulembo." Wote ukutani wakatazamana, walidhani mzee bado anapigia kura Chipata. "Mzee Jere, unamdhamini mama huyu kwa hiari yako?"

"Huyu? Mkimpeleka bungeni ataparamia mapazia."

"Hilo siwezi kuliandika. Nataka ndiyo au hapana."

Chomba sasa alikuwa dirishani, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshagonga jeneza na kulisikia tupu. "Msimamizi, huyo ni mtani wake. Hajasema neno la kweli kwa Mbemba tangu azaliwe. Ukimwandika, umeandika mzaha."

Bwana Sitali akaiweka kalamu chini. Zilibaki dakika tatu. "Mzee, unatania?"

Jere akairudisha kofia kichwani. Nkandu, ambaye tangu asubuhi hakutulia, akasimama. Safari hii hakupiga goti.

"We mla panya," akasema, "ulisema utakuja kunizika, na umekuja. Lile swali la Jumapili bado liko kwenye misumari yako. Lijibu, au beba sanduku lako uondoke."

Mzee akavua kofia. Akakunja goti moja, taratibu kwa sababu ya uzee, akapiga makofi mara mbili, polepole.

"Mama Mwila," akasema.

Miaka arobaini hakuwahi kumwita hivyo. Nkandu akajikuta anajipapasa mkono, juu ya kiwiko.

Mzee akamgeukia msimamizi.

"Ndiyo, bwana. Huyu namdhamini."