Mwiba wa Kambale

Noémie alikuwa akianua nguo aliposikia jirani yake Zébédée akipiga kelele.

"Mama Lise! Imbwa yako iko na kichaa!"

Bobi alijibanza ukutani, povu likimtoka mdomoni, akijikwaruza mashavu kwa makucha. Zébédée alikuwa tayari ameshika mchi.

Asubuhi ile Bobi alikuwa amemlamba Lise, binti yake mdogo, mikono na magoti, na goti moja lilikuwa na kidonda kibichi. Kichaa cha mbwa kikishamwanza mtu, hakina dawa, hilo alilijua.

"Toka pale, minyi namaliza yeye!" Zébédée aliinua mchi.

"Ngoja, baba. Ngoja kidogo."

Hakujua anangoja nini. Alirudi kinyumenyume, macho kwa mbwa, hadi kisigino chake kikagonga beseni. Lilikuwa limepinduka. Kambale wabichi wa Malemba-Nkulu aliokuwa amewakata walitapakaa chini, na kichwa cha yule mkubwa hakikuwepo.

Akampigia simu Chadrack, daktari wa mifugo, akamweleza alichokiona, akauliza kama ampe Bobi tonge la ugali lisukume kilichokwama.

"Pengine ni mwiba wa pezi," Chadrack alisema. "Usimupe bukari ya kusukuma, itamupasua. Usimutapishe. Na usitie mukono mu kinywa, juu hatuyue bado kama haiko kichaa. Ninakuya."

Hatuyue bado. Alimfungia Lise ndani, akasimama kati ya Zébédée na mbwa, akimwogopa huyu na kumwogopa yule. Bobi alikohoa, akaanguka, akainuka tena akipepesuka. Zébédée akasogea hatua moja.

"Baba, nakuomba!"

Pikipiki ikaingia. Noémie alimweleza Chadrack kila kitu, hata habari ya goti la Lise. Chadrack alivaa glavu nene, akamfunika Bobi blanketi, akampanua kinywa kwa kijiti na kumulika. Koleo likaingia. Bobi akalia kwa uchungu, na mwiba mrefu wenye meno kama msumeno ukatoka na damu.

"Njo huu," alisema. "Chanjo yake nilimupa minyi mwenyewe. Lakini tumuangalie kwanza. Kile kidonda cha mutoto, osha na sabuni sasa hivi, kisha umupeleke ku hopitali."

Zébédée aliuweka mchi chini. Noémie alisugua goti la Lise, maji yakitiririka, mtoto akilia, naye akilia zaidi yake.

Bobi alipona, na Lise hakupatwa na lolote. Ila kwa siku nyingi Noémie aliamka kabla ya jua, akaufungua mlango taratibu, akachungulia kwanza mdomo wa mbwa wake kabla ya kuthubutu kumwita.