Gunia la Ndiyo

Niliota usiku wa jana nikiwa katikati ya kazi ya kubandika wiki ukutani. Gundi ilikuwa ya unga wa muhogo, bado ya moto, ndani ya kopo la rangi. Jumatatu na Jumanne nilikwisha kuzibandika. Nilikuwa napaka gundi mgongoni mwa Jumatano, karatasi ya manila ya kijani, ukuta uliposema:

"Mwalimu, hiyo unaiweka kichwa chini."

Nikaigeuza. Sikushangaa. Mwalimu Hyera, mwalimu mkuu wetu, alikwisha kuagiza kwamba darasa la kwanza liwe darasa linaloongea, yaani kuta zijae herufi, picha na ratiba. Niliona tu kwamba agizo limetekelezwa.

"Asante," nikauambia ukuta.

"Na gundi punguza. Inanitekenya."

Jumatatu anabanduka kabla hajakauka. Anateremka, anajikunja pembeni hadi karatasi inakuwa shati, anafunga vifungo, ananiamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umeteremka?"

"Nimefika. Siku ikishafika haikai ukutani."

Nikaona ni kweli. Watoto nao walikuwa wamekwisha kukaa, masweta yamefungwa hadi shingoni kwa sababu ya baridi ya kwetu. Mwalimu Hyera akaingia na gunia tupu la mahindi kwapani, akalitundika kwenye msumari wa ramani.

"Mwalimu Kapinga, Ijumaa tuna mgeni rasmi. Anataka alikute limejaa."

"Limejaa nini?"

"Ndiyo. Kila mtoto atie zake. Asiyetia anarudishwa."

"Anarudishwa wapi?"

"Nyuma," alisema, akaenda zake.

Aliposema hivyo sote tulimtazama Otilia. Otilia Kinunda anakaa dawati la mbele karibu na dirisha, na hata nje ya ndoto anakaa hapo hapo. Ana macho ya mtu anayesikiliza mvua iliyo mbali. Tangu shule ifunguliwe hajaitikia "ndiyo, Mwalimu" pamoja na wenzake hata mara moja. Mwalimu Hyera anasema mtoto wa namna hiyo arudi darasa la awali. Mimi nilimwomba anipe wiki moja.

Nikaanza kufundisha. Nilinyoosha vidole viwili vya mkono wa kushoto na viwili vya mkono wa kulia.

"Viwili na viwili vinakuwa vinne. Tumeelewana?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Ndiyo zikawatoka midomoni kama bisi, nyeupe na nyepesi, zikarukaruka sakafuni. Jumatatu akachukua fagio, akazizoa, akazimimina guniani. Alifanya kazi yake vizuri. Mbele ya dawati la Otilia palibaki pasafi.

Nilipoinama kuokota chaki niliona miguu yake inaning'inia. Asubuhi miguu hiyo ilikuwa inagusa sakafu.

Jumanne akateremka akitafuna muwa. Alisema siku yake ni ya mikono.

"Aliyeelewa anyooshe mkono," nikasema.

Mikono ikanyooka. Ikaendelea kunyooka. Ikafika kwenye mbao za dari. Wa Gervas ukatoboa bati, na tulipousubiri kidogo ukarudi na fyulisi bichi. Nikamwambia atalila tunda hilo wakati wa mapumziko.

Mikono ya Otilia ilikuwa imetulia mapajani, ndani ya mikono ya sweta iliyomzidi urefu.

"Mwalimu, Otilia anapungua!" alisema Gervas.

"Atarudi mgongoni kwa mama yake!" akadakia mwingine.

"Atanyonya!"

Darasa likacheka. Ukuta nao ukacheka, na herufi mbili zikaanguka.

"Gervas, kaa chini."

"Nimekaa, Mwalimu. Mkono ndio uko juu."

Nikapiga magoti karibu na dawati la mbele. "Otilia, mama, sema ndiyo moja tu. Hata ndogo. Ukisema, unabaki."

Alinitazama kwa adabu, kisha akatikisa kichwa. Kola ya shati lake ilikuwa imemfika masikioni.

Jumatano ilikuwa siku ya kujifunzia nje, kwenye shamba la shule. Lakini mlangoni pameandikwa kwamba mtu asitoke darasani bila ruhusa, na ukuta ukakumbusha kuwa ruhusa haijaombwa. Tulilizungumza. Mwishowe tukakubaliana kwamba sisi tusitoke, ila darasa lenyewe litoke. Likajiinua kama mama anayevuka tope, likatubeba hadi shambani.

"Viatu vyangu," ukuta ulilalamika.

"Huna viatu," alisema Jumatano.

"Ndiyo maana nalalamika."

Tunahesabu mistari ya mahindi. Halafu mahindi yanaisha ghafla na tupo uani kwa mama yake Otilia. Kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Mama ameketi kizingitini, mapajani ana kitambaa cha rangi ya chungwa, kimekunjwa vizuri.

"Karibu, Mwalimu. Nasikia mwanangu anarudi."

"Bado, mama."

"Mbeleko nimeshaifua. Nilikuwa nimempa mdogo wangu, nikaifuata." Aliipapasa mikunjo. "Nataka kuuliza tu. Akishafika mgongoni, kutoka hapo anarudi wapi tena?"

Nilimwambia nitamuuliza Mwalimu Hyera.

"Kwani mwalimu wake si wewe?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kujua njia. Nilitaka kumjibu, lakini uani palikuwa pamekwisha kugeuka darasa, na mikeka ya kahawa ilikuwa madawati.

Alhamisi tulisoma kitabu, ukurasa wa kuku. Darasa zima liliusoma kwa sauti moja, bila kukosea. Nilipita katikati ya madawati na kuona wengi wamefumba macho. Gervas alikuwa amekishika kitabu juu chini.

"Sasa mimi nimechorwa kwa ajili ya nani?" aliuliza kuku wa ukurasani.

"Samahani," nikasema.

"Huyu mdogo peke yake ndiye anayenitazama."

Alikuwa anamsema Otilia. Otilia alikuwa amekaa juu ya dawati sasa, sweta limemfunika kama blanketi, kitabu amekilalia kwa sababu hakuweza kukibeba. Alikuwa anapeleka kidole chini ya neno la kwanza. Alikaa hapo muda mrefu.

"Tumeelewana?" nikauliza darasa, kwa mazoea.

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Gunia likajaa hadi mdomoni. Alhamisi alilishona kwa sindano ya magunia.

Ijumaa hakuteremka. Alifungua mlango, akamkaribisha mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa mizani, ile ya kununulia mahindi, amevaa tai. Mwalimu Hyera alimfuata nyuma akiwa na soda kwenye sinia. Mgeni akazimimina zote kwenye sahani yake, akashukuru, vizibo vikabaki mezani.

"Haya, tuone wiki," alisema.

Tukalipandisha gunia. Mshale haukutikisika.

"Mwalimu Mkuu, humu mna nini?"

"Ndiyo za wiki nzima, mheshimiwa."

"Zimekauka?"

"Zimekauka sana."

Mwalimu Hyera aliliegemezea gunia goti kidogo, kama wanavyofanya watu sokoni. Mshale ukabaki pale pale. Mgeni akakohoa.

"Nimepima pamba," alisema, "na pamba ilikuwa na kitu."

Mwalimu Hyera akageuka haraka. "Imebaki ya Otilia! Huenda ya kwake ina uzito. Kapinga, mwambie aseme."

Otilia alikuwa mikononi mwangu. Sikumbuki nilimchukua saa ngapi. Alikuwa na ukubwa wa mtoto wa kliniki, na joto lake lilikuwa lile lile. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mbeleko ameikunjua. Alikuwa tayari amegeuza mgongo na kuinama kidogo, kama kina mama wanavyoinama.

"Mwambie!" alisema Mwalimu Hyera. "Kengele inagongwa sasa hivi."

Nikafungua mdomo ili nimwombe ndiyo. Lakini lilitoka neno jingine.

"Otilia, umekwama wapi?"

Otilia akaniinulia uso.

"Sijaelewa," alisema Otilia. Sauti yake haikuwa imepungua hata kidogo.

Neno likaanguka sakafuni kwa kishindo, kama boga. Saruji ikapata ufa. Mshale wa mgeni rasmi ukaruka, ukazunguka, na tai yake ikageukia mgongoni.

"Aa," alisema mgeni. "Hiki ni kitu."

Otilia akaomba ashushwe. Nilimweka mezani penye sinia. Akavikusanya vizibo vya soda vinne, akavipanga viwili huku na viwili kule.

"Mwalimu, ulisema viwili na viwili vinakuwa vinne."

"Ndiyo," nikasema. Bisi moja ikanitoka mdomoni. Jumatatu alikuja na fagio, akaizoa bila kunitazama.

Otilia akavisogeza vyote pamoja. "Hivi hapa vinne. Sasa vile viwili vya kwanza vimekwenda wapi?"

"Vipo humo humo!" alisema Gervas.

"Nionyeshe."

Gervas akaja. Alivitazama vizibo, akainama, akavitazama kutoka ubavuni. Akagusa kimoja, akakiacha. Taratibu mkono wake ukateremka kutoka kwenye tundu la bati, ukarudi urefu wake.

"Mwalimu," alisema, "na mimi sijaelewa."

Kishindo cha pili. Halafu cha tatu, nyuma karibu na mlango, kisha vikafuatana kama maboga yanayoshushwa kwenye gari. Mgeni rasmi alikuwa akihema kwa furaha. Mwalimu Hyera akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Kapinga, mwenzangu, kwani viko wapi?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu."

Kitu kizito kikaniangukia kwenye vidole vya mguu.

Tukaanza kuvitafuta. Wengine walichungulia chini ya madawati, wengine walipanga vizibo na kuvipangua. Kuku alitoka ukurasani ili asaidie, ila alikuwa wa upande mmoja tu, akigeuka haonekani. Miguu ya Otilia ilikuwa imeteremka hadi ukingo wa meza. Haijagusa sakafu, lakini ilikuwa njiani. Mama yake aliinuka kutoka kuinama. Mbeleko aliikunja, akabaki nayo mkononi.

Kengele ikagongwa. Mlangoni alisimama mtu mwenye jembe begani.

"Mimi ni Jumamosi," alisema. "Sijawahi kuingia darasani. Naruhusiwa?"

"Futa miguu," ukuta ukamjibu.

Akafuta, akaingia, akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza alisema hata yeye hajui, lakini ana siku nzima.

Otilia akanishika mkono wa kulia. Akachukua vizibo viwili, akaviweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole kimoja kimoja.

"Vya kwanza ni hivi," alisema. "Shika, Mwalimu, visiende. Tutaendelea kesho."

Nikaamka. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, na mke wangu Benedikta alikuwa anajifunga kilemba mbele ya kioo, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini.

"Umelala umekunja ngumi kama unagombana," alisema. "Umeshika nini?"

Nikaufungua mkono. Haukuwa na kitu. Lakini kiganjani palikuwa na duara mbili nyekundu, zimekaa jirani, kila moja imezungukwa na vijino vidogo vidogo. Nyumbani kwetu hatujafungua soda tangu Pasaka.

"Sijajua bado," nikamjibu.

Benedikta alinitazama kwenye kioo, akaendelea na kilemba. Kesho ni Jumatatu. Mwalimu Hyera atataka jibu kuhusu Otilia, na mimi bado sijapata pa kuanzia zaidi ya swali lake. Duara moja ilikuwa imeanza kufifia pembeni.

Nikafumba ngumi tena, visiende.