Habis Anyosha Mkono

Siku tuliyopata habari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefariki, kambi nzima ililia. Habis, mtoto wa kaka yangu, alinawa uso, akaamuru hema lake la ngozi nyekundu lisimamishwe karibu na kisima, akaketi ndani kama mfalme.

Mimi ndiye niliyemfuta kamasi utotoni. Najua kilichomo kichwani mwake, na si kingi.

Msafiri alitwambia kwamba watu wa Madina wameshampata khalifa, nao wamekula kiapo cha kumtii. Habis akasema sisi wa jangwani hatukuulizwa. "Mtume nilimpa mkono, na Mtume hayupo tena. Sasa nipeni mkono mimi!"

Nani angemsikiliza? Lakini palikuwa na ngamia. Mwanangu Zur'a alikuwa amekusanya zaka ya ukoo wetu, ngamia thelathini na mmoja, wote wametiwa chapa pajani, naye ameahidi kuwafikisha Madina. Habis akatangaza kwamba atakayempa mkono kabla ya adhuhuri atajichagulia ngamia mmoja kati ya hao.

Zur'a alinijia midomo imemkauka.

"Mama, watu wakila kiapo hiki, ngamia watagawanywa mbele ya macho yangu. Nitaitwa mwizi wa amana."

"Nani yuko upande wako?"

"Jahdar peke yake."

Jahdar mguu wake mmoja haukunjiki. Tangu asubuhi alikuwa amekaa juani akishika kamba ya ngamia jike anayeongoza, ili mwanangu apumzike kivulini. Hakuna aliyemwomba.

"Nenda kampokee kamba," nikamwambia Zur'a. "Mimi nakwenda kumwamkia mfalme."

Wanaume walikuwa wakisitasita, kila mmoja akimtazama mwenzake. Habis alipoona foleni yake fupi, akaagiza na wanawake waitwe, ili ionekane ndefu. Muda wote alikuwa akijisifu. "Nilikuwa Madina mimi! Mambo ya uongozi hakuna wa kunifundisha!"

Zamu yangu ilipofika, alinyosha kiganja kilichojaa mafuta ya nundu.

"Karibu, shangazi. Lete mkono."

"Wa nini?"

"Wa kiapo, shangazi. Usinicheleweshe, watu wanangoja."

"Madina ulikaa siku ngapi, mwanangu?"

"Tisa!"

"Na wanawake uliwaona wakila kiapo?"

"Kwa macho yangu haya. Walipanga mstari, Mtume akawashika mkono mmoja mmoja."

Tulikuwa wanawake sita wa kambi hii tuliokwenda Madina, na kisa hicho tulikwisha kukisimulia mpaka watoto wakakichoka.

"Habis," nikasema, "kiapo kile nilikula mimi. Tulikula kwa maneno. Mkono wake haukugusa wangu wala wa mwenzangu yeyote. Wewe siku zote tisa ulikuwa wapi? Sokoni, unajaribu viatu?"

"Na viatu vyenyewe ndivyo hivyo!" akadakia mzee mmoja nyuma yangu.

Kicheko kikapasuka. Habis akababaika. "Ni... nimesahau tu, shangazi."

"Kasahau!" nikawaambia watu. "Anataka kurithi kazi, na hajui hata inavyoanza."

Foleni ikavunjika. Mtu mmoja aliyekwisha kuchagua ngamia akamrudisha mwenyewe, kichwa chini, na akamkabidhi Zur'a kamba. Nilimpenda kwa hilo. Habis alibaki na kiganja chake hewani, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Zur'a aliondoka na ngamia wote mchana huohuo. Mke wa Habis, Umayma, alitoka nyuma ya lile hema jekundu na kiriba cha maji na tende, akavifunga kwenye tandiko la mwanangu, kisha akarudi ndani. Mwanamke yule alistahili mume.

Mwezi haukuisha tukasikia ngamia wamefika salama. Habis akaja hemani kwangu, anatabasamu.

"Shangazi, ukiulizwa, sema mimi ndiye niliyewatuma."

Nikampa bakuli la maziwa. Ni mtoto wa kaka yangu, na alikuwa na kiu.

"Kunywa," nikamwambia, "kisha nenda kamshukuru Jahdar, aliyeshika kamba juani akakuzuia usiwe mwizi."

"Jahdar? Kiwete yule?"

"Kunywa upesi, Habis. Nataka bakuli langu."