Lugha ya Kugombezwa

Wiki nzima binti mmoja, fundi cherehani, alikuwa akiulizwa swali moja na mchumba wake, fundi rangi, mpaka likamchosha.

"Salamu umeishika?"

"Nimeishika. Niache nishone."

Bibi wa mchumba alikwishatamka: wanaojua lugha yao wamebaki kama meno yake, na mjukuu wake haoi msichana asiyeijua, hata awe wa kabila lao lile lile dogo. Binti alikuwa wa kabila hilo hilo. Ila marehemu bibi yake, aliyemlea, alimbembeleza kwa Kiswahili, akamsimulia hadithi kwa Kiswahili. Lugha ya kwao ilimtoka bibi huyo pale tu alipopandwa na hasira.

Siku ikafika. Sebuleni kwa bibi makochi yote yalivaa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono. Binti akasalimu kwa lugha ya kwao, kama msoma tangazo.

"Nani kakufundisha?" bibi akauliza kwa Kiswahili.

"Mjukuu wako, bibi."

"Huyo naye hajui kitu."

Binti akaanza kuiona ndoa yake ikitoka mlangoni. Badala yake akaingia fundi rangi, moja kwa moja kutoka kazini, suruali imelowa rangi mbichi ya bluu.

"Hamjambo, warembo wangu?" Akajitupa kwenye kochi.

Binti hakuwaza. Maneno ya kwao yalimtoka kama bomba lililopasuka: inuka hapo, macho umeyasahau wapi, umekulia zizini wewe, kitambaa cha watu hicho, kakifue sasa hivi, na usininunie. Akafunga na ule msonyo mrefu wa marehemu bibi yake.

Kisha akajiziba mdomo.

"Nisamehe, bibi. Ninayoyajua ni hayo tu. Mazuri sikufundishwa."

Bibi alikuwa akijifuta macho kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Tangu mama yangu afariki sijasikia mtu akigombezwa sawasawa," alisema. "Wewe umelelewa, mwanangu. Njoo kesho, hayo mazuri nitakupa mimi." Akamgeukia mjukuu, akamtupia neno moja la kwao.

Fundi rangi, amesimama na kitambaa kilichochafuka kwa bluu mkononi, akamtazama mchumba wake.

"Kasema nini?"

Wanawake wote wawili wakasonya.

"Kafue," binti akamwambia.