Mistari ya Wakesho

Natangaza kwa huzuni rasmi kwamba dada yangu Wakesho aliniibia babu nikiwa bwenini.

Babu ana ugonjwa wa Parkinson. Daktari wa Voi alieleza kwamba ubongo wake hutuma amri ya kutembea, lakini amri hiyo hufika miguuni ikiwa dhaifu, basi babu huganda mlangoni. Akiona mistari sakafuni, ubongo hupata njia nyingine. Wakesho akamchorea mistari ya chaki hadi kando ya kiti chake, na likizo hii kila asubuhi babu huenda kwake, wala si kwangu.

Jumamosi niliifuta yote, nikachora yangu hadi kwenye kiti changu.

Babu akaganda mlangoni, akaiona chaki, akainua mguu. Mstari baada ya mstari, akanifikia, akaketi.

"Imepinda kama barabara ya Wundanyi," akasema. "Ni wewe, mtundu?"

"Ni mimi, babu."

"Nilijua tangu mstari wa kwanza. Nimekuja tu." Akanishika mkono, wake ukitetemeka.

Wakesho alikuwa amesimama jikoni na chaki yake, akitutazama. Uso ule niliujua vizuri. Ndio niliokuwa nao likizo nzima.