Jina la Hori

Mume wangu Dorman alianguka majini akinicheka. Nilikuwa nimemwambia tuondoke, upepo wa kaskazini umeshaanza na mawimbi yanapiga visiki kwa kishindo, naye akageuka kitini anikejeli.

"Wewe Elvie, kama unaogopa maji namna hii ungeolewa na fundi saa."

Papo hapo mashua ikapanda kisiki kilichojificha chini ya maji. Ikalala ubavu, ikainuka nusu, ikakwama. Nilipofumbua macho, kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Ziwa la Toledo Bend lilimeza msitu mzima walipojenga bwawa, na msitu huo bado umesimama humo ndani. Miti mingine imetokeza juu, mingine iko kiganja kimoja tu chini ya maji. Wakati wa baridi samaki aina ya besi hujificha huko kwenye miti, na sakalee pia, yule samaki bapa mwenye madoa meusi ambaye mume wangu angemfuata hata jehanamu. Krismasi ikiisha, watu wa kwetu huichukua miti waliyoipamba, huifunga kwenye matofali ya saruji na kuizamisha mahali pa siri katika hori fulani, mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu, na sakalee huhamia humo. Aliyezamisha hasemi ni wapi. Ukimuuliza kwenye duka la chambo atakudanganya bila kupepesa jicho, na wewe unajua unadanganywa, mnacheka na kununua kahawa. Kwetu hakuna anayeona vibaya.

Dorman aliibuka karibu na ubavu wa mashua, anakohoa, macho yamemtoka. Jaketi la kuokolea lilimshika kichwa juu, lakini ovaroli yake nene ilikuwa imekunywa maji na kuwa nzito kama gunia la mchanga. Nikamkamata kola, nikavuta mpaka nikaona nyota.

"Panda, Dorman! Weka mguu!"

"Mguu gani? Siusikii."

"Usinitanie sasa hivi!"

"Sikutanii, mama."

Hapo ndipo woga ulinishika sawasawa. Dorman haniiti mama ila akiwa mgonjwa. Nikachukua kamba ya nanga, nikaipitisha chini ya makwapa yake, nikaifunga kwenye chuma cha mashua ili angalau asizame. Nikawasha injini; ikanguruma, mashua isitikisike. Kisiki kilikuwa kimetushika tumboni. Pande zote niliona miti iliyokufa na maji ya rangi ya risasi, hakuna hata moshi wa nyumba.

Wakati ule kila mashua ilikuwa na redio kol. Nikaita, sauti yangu mwenyewe siijui.

"Yeyote anayenisikia! Mume wangu yuko majini! Tafadhalini!"

"Elvie? Ni Hollis hapa."

Hollis ni mume wa dada yangu Maudine, kwa hiyo yeye na Dorman huitana mwanyumba. Yeye na Dorman wamevua ziwa moja tangu ujana wao, na kila mmoja amekuwa akiiwinda siri ya mwenzake kama mbwa anavyowinda mfupa. Siku hiyo nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

"Shemeji, amenasa kwenye maji, siwezi kumvuta!"

"Tulia. Niambie mko wapi."

"Hori la Pruitt! Kule kwenye miti mirefu!"

"Niko mlangoni mwa Pruitt sasa hivi. Mweleze mwanyumba wangu asithubutu kufa kabla sijamwona na nguo zilizolowa. Nakuja."

Nikalia kwa furaha. Nikainama, nikamshika Dorman uso. "Umesikia? Hollis yuko hapo tu. Anakuja." Dorman akanitazama, akafumba macho. Meno yake yalikuwa yanagongana, hakujibu, nami nikadhani ni baridi.

Tukangoja. Mawimbi yalimpiga mgongoni, kila mara anameza maji kidogo. Nilimwimbia, nikamtukana, nikamwambia Maudine amepika supu ya bata na atamwekea ile nyama ya paja. Nilisikiliza injini ya Hollis mpaka masikio yakauma. Nilisikia upepo tu.

"Elvie." Redio tena. "Nimezunguka hori lote. Siwaoni. Piga honi."

Nikapiga. Nikaibonyeza kwa ngumi mbili.

"Umesikia?"

"Hapana. Piga."

"Napiga, Hollis! Napiga!"

Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Shemeji, nani alikuambia hapo ni Pruitt?"

Nani mwingine? Kila msimu wa baridi Dorman alinileta hapa, alfajiri, ukungu umetanda, akikata kona katikati ya miti mpaka kichwa kinanizunguka, kisha anazima injini na kusema, karibu Pruitt, mke wangu. Mimi na ramani hatujawahi kujuana. Tena mdomo wangu hauna mlango. Ninalolijua asubuhi, Maudine analijua mchana, na Hollis analijua kwenye chakula cha jioni. Dorman alijua hivyo, na miti yake ya Krismasi ilikuwa imezama hapo chini yetu. Kwa hiyo mimi pia, mke wake, ninayemsafishia samaki kwa vidole vilivyopasuka, nilikuwa mtu wa kudanganywa.

Sikuwa na nafasi ya kukasirika. Nikalala kifudifudi, uso wangu juu ya uso wake. Alikuwa ameacha kutetemeka, na hilo lilinitisha kuliko kutetemeka kwenyewe.

"Dorman. Hapa panaitwaje?"

Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yananitazama mimi.

"Dorman! Hollis yuko mahali pengine! Hapa panaitwaje?"

Nikamzaba kofi, la kwanza katika ndoa yetu. Midomo ikacheza.

"Ledbetter," akasema. "Nyuma ya... nyuma ya mkono wa Ledbetter."

Nikalipiga kelele jina hilo kwenye redio.

"Mungu wangu," Hollis akasema. "Huko ni ng'ambo ya ziwa. Mshike kichwa, Elvie. Usimwache alale."

Alilivuka ziwa lililo wazi katika upepo ule, kwa mashua fupi kuliko yetu. Nilimwona akitokea katikati ya miti, amelowa mpaka nywele, analia bila kuficha. Tulimvuta pamoja kwa kamba, Hollis akiwa amejifunga mguu kwenye kiti asidondoke naye. Dorman akaja juu kama samaki mkubwa aliyechoka kupigana.

"Mwanyumba," Hollis alikuwa anamwambia, huku anamvua ovaroli na kumfunika koti lake mwenyewe, "ukinifia kwa ajili ya sakalee, nitawakaanga wote kwenye matanga yako. Umenisikia? Na chumvi nitazidisha."

Hata mara moja hakuyatazama maji kuona miti ya siri imelala wapi.

Hospitalini walimlaza chini ya mablanketi yenye joto. Daktari alisema ataishi, vidole viwili vya mguu hana uhakika navyo. Hollis akatoka kwenda kumpigia simu Maudine. Nikabaki nimeshika mkono wa mume wangu, naongea ovyo kama kawaida yangu, nikishukuru, nikicheka, nikifuta machozi.

"Maji yalikuwa yamekuingia akilini," nikamwambia. "Nilipokuuliza jina mara ya kwanza hata hukunisikia, maskini."

Mlango huo nilimfungulia mwenyewe, wazi kabisa. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Lakini Dorman si mwongo, isipokuwa kwa habari za samaki.

"Nilikusikia," akasema.

"Nini?"

"Nilikusikia mara ya kwanza, Elvie. Hata Hollis aliposema yuko Pruitt nilisikia." Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni. "Nikafikiri labda utaweza kunivuta peke yako."

Nikautazama ule mkono niliokuwa nimeushika. Nikaurudisha chini ya blanketi, taratibu, usipate baridi. Yeye alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale ya kule majini, akingoja niseme kitu.